Tuliochelewa kuanza la kwanza



Wiki hii nimekamata sapu moja (msiulize ya somo gani). Jamaa yangu wa chumbani akanituliza eti, "We si ulianza la kwanza na miaka kumi, kuchelewa umezoea." Tukacheka sana tu. Ila usiku usingizi ukagoma, kesho yake nikaishia maktaba kutafuta habari za wenzangu, wale walioingia darasani wakati wenzao wameshatangulia. Nimeona niwaandikie.

Kwetu Haneti ng'ombe hawana likizo. Mtoto wa kiume akipata nguvu kidogo anakabidhiwa mbuzi na ndama, shule baadaye. Nilipoingia la kwanza nilikuwa mrefu kuliko wote, nikakalishwa nyuma kabisa. Kiswahili changu kilikuwa cha mnadani, cha kuuliza bei. Nyumbani Kigogo mwanzo mwisho. Mwalimu akisema fungueni ukurasa fulani, namwangalia jirani anafanya nini ndipo na mimi nafanya. Mtihani wa darasa la nne nikachemsha, nikarudia. Nilitaka kurudi machungani, na kusema kweli hakuna ambaye angeshangaa.

Aliyenitoa pale ni bibi, mama yake baba, na hapa ndipo historia inapoingia. Wakati wa sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huku kwetu mambo mawili yakagongana, kwani Operesheni Dodoma ya kuhamia vijiji vya ujamaa nayo ni ya 1970 na 1971, na Ugogo ulikuwa umeshazoea ukame na njaa. Kuhamishwa kulikuwa na machungu yake, wazee bado wanayasimulia, sitayapaka sukari. Ila watu wakiwa karibu karibu, darasa la alasiri linawezekana. Bibi alikuwa binti aliyeolewa juzi juzi. Akitoka shamba, mtoto mgongoni, anakwenda kukaa chini ya mti na ubao wake. Anasema herufi hazikumsumbua, uliomsumbua ni mkono. Mkono umezoea jembe, basi ukipewa kalamu unaikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Wanawake wenzake wakawa wanamwita "karani" kwa kejeli. Kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa chini ya 10 katika kila watu 100. Mi hesabu hizo nazichukua kwa tahadhari, wapo waliojifunza kusaini jina wakaishia hapo. Bibi lakini alisoma kweli.

Basi kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, ananiweka pembeni ya kibatari nasoma kwa sauti, yeye anasahihisha. Ukurasa mmoja tu, lakini kila siku, hata siku tumerudi msibani. Nilipokosea neno mara tatu ananiambia niliandike mchangani kwa kijiti. Mwaka ule wa kurudia nikashika namba tisa.

Sasa huko maktaba nikakuta kwamba hata Mwalimu mwenyewe alichelewa. Alizaliwa 1922 Butiama, akachunga, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Kwao walizungumza Kizanaki, Kiswahili akakifanyia kazi shuleni. Miaka mitatu baadaye, 1937, yuko Tabora, halafu Makerere, halafu Edinburgh ambako alimaliza 1952. Na huyo huyo ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Ila tusidanganyane, Mwalimu alikuwa mtoto wa Chifu Burito. Wachunga mbuzi walikuwa wengi pale Butiama, na wengi wao hawakuletewa nafasi hiyo hata wangekuwa na akili za namna gani.

Ninayempenda zaidi ni Mkenya, Mzee Kimani Maruge. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi 2003, yeye alichukulia kwamba tangazo linamhusu. Januari 2004, akiwa na miaka 84, akaenda kuandikishwa la kwanza shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Alipigana Mau Mau, sasa alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Kuna watu walinung'unika anawajazia watoto nafasi. Mwaka 2005 akapelekwa New York, Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 akajikuta kambini, kwenye hema, na bado alitoka pale kwa miguu kwenda darasani. Alifariki Agosti 2009 akiwa hajamaliza la saba. Huyo mtu angenikuta nalalamikia sapu sijui angeniambia nini!

Jana nikampigia bibi, nikamweleza kuwa kuna somo nitalirudia mtihani. Hakuuliza somo gani. Aliuliza kama nina mafuta ya taa ya kutosha. Nikamwambia, bibi, huku chuoni tuna umeme, unawaka usiku kucha.

"Usiku kucha?" akasema. "Na umefeli?"