Wavu, Rangi na Daftari: Majaribio ya Mbung'o katika Nchi ya Shinyanga

Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yalipita Afrika Mashariki yakafyeka ng'ombe pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini, na wafugaji walipobaki mikono mitupu, ilhali njaa na ndui zikiwafuata, ardhi nyingi iliyokuwa mashamba na malisho iliachwa ikarudi kuwa kichaka. Kichaka hicho ndicho kilichomkaribisha mbung'o. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1920, Wasukuma wa Shinyanga, hususan wale ambao vijiji vyao vilipakana na pori, walikuwa wakirudi nyuma mwaka hata mwaka, kwa kuwa ng'ombe aliyeumwa na mdudu yule na kuambukizwa maradhi ya nagana alikonda, akadhoofika, malaika yakamsimama, kisha akafa, na wenyewe hawakuwa na dawa ila kuhama.

Samuye, ambayo leo ni kata katika Wilaya ya Shinyanga, haiko mbali na Old Shinyanga, mahali palipowekwa makao ya utafiti wa mbung'o yaliyopata kujulikana kwa wataalamu wa dunia nzima. Nakusudia kueleza habari za kazi iliyofanyika katika nchi hiyo, kwa sababu naona kuwa ndiyo mfano bora niujuao, katika Tanzania yetu, wa elimu iliyopatikana kwa kubashiri, kujaribu, kutazama na kuhesabu, tena kwa vyombo ambavyo hata shule ya kijiji isingeshindwa kuvipata.

Aliyeianzisha ni Charles Francis Massy Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkulima Rhodesia ya Kusini kabla ya kufanywa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini Tanganyika mwaka 1919. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda kutazama mambo ya mbung'o katika nchi ya Mossurise, Msumbiji, na huko aliambiwa na wenyeji, na kuthibitisha kwa macho yake, kwamba zamani za Mzila, mfalme wa Gaza, watu waliokusanywa wakaishi pamoja na kulima kwa wingi walilifukuza pori, na pori lilipoondoka mbung'o naye aliondoka. Kwa hiyo ubashiri aliokuja nao Shinyanga, ingawa uliandikwa kwa kalamu ya Mzungu, chimbuko lake lilikuwa tajiriba ya Waafrika. Na jambo hili John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miaka mingi, alilitolea hoja nzito katika kitabu chake cha 1971, aliposema kwamba watu wa bara hili walikuwa na njia zao za kuishi na maradhi yaletwayo na mbung'o kabla ya utawala wa kigeni kuzivuruga.

Ubashiri ulikuwa huu: mbung'o hawezi kustahimili jua kali la mahali peupe, naye huhitaji kivuli cha kupumzikia na cha kuzalia, maadamu jike lake hazai mayai mamia kama nzi wengine, bali huzaa buu mmoja mmoja, kwa muda wa siku tisa au kumi baina ya mmoja na mwingine, na buu huyo hujichimbia katika udongo tifutifu wenye kivuli. Mdudu azaaye polepole namna hii, ukimwondolea makazi, hana nguvu ya kujirudishia idadi yake upesi. Basi watemi walishauriwa, nao wakawaita watu wao, na watu wakatoka kwa maelfu, na mashoka yao, wakafyeka pori lililowakabili. Mwaka 1925 Swynnerton alichapisha habari za jaribio hilo la Shinyanga, na mpaka leo husomwa.

Baada ya shoka ulikuja moto. Desturi ilikuwa nyasi kuchomwa mapema, kipande hiki leo na kile kesho, zingali na ubichi, hata mbung'o akawa daima ana mahali pa kukimbilia; Swynnerton alibashiri kwamba nyasi zikilindwa mpaka kiangazi kiive, kisha zikachomwa zote kwa siku moja, moto utakuwa mkali wa kuua vichaka. Hebu fikiri jaribio hili lilitaka nini: nchi nzima izuie mkono wake kwa miezi, pasiwe hata mrina asali mmoja wa kuangusha kijinga, la sivyo kazi ya mwaka imeharibika. Katika vitalu vingine walijaribu kinyume chake, yaani kuuzuia moto kabisa ili pori lifungamane, wakitumaini kwamba mbung'o apendaye pori la wazi, yule aliyepewa jina la Swynnerton mwenyewe, *Glossina swynnertoni*, atalikimbia. Lakini mbung'o si wa namna moja, na yuko mwenzake, *pallidipes*, apendaye kichaka kilichoshikamana, na hivyo dawa ya huyu yaweza kuwa karamu ya yule.

Yote haya yasingekuwa na maana kama hapakuwa na njia ya kujua mbung'o wamepungua au hawakupungua, na hapa ndipo nitakapo msomaji asimame pamoja nami. Vijana wenye nyavu ndogo walitembea njia zilizokatwa porini, wakituama katika vituo vilivyowekwa, wakawanasa mbung'o waliowafuata. Kila aliyenaswa alitazamwa kama ni dume au jike, na tumbo lake kama limejaa damu au limebonyea kwa njaa, na hesabu ikaandikwa daftarini. Ikadhihirika kwamba wengi wa walionaswa walikuwa madume, nalo lingeweza kumdanganya mtu adhani majike ni haba. Kumbe madume ndio hufuata wapita njia, na majike huja aghalabu wakiwa na njaa. Macho yaliona sawasawa, ila yaliona wale tu waliojitokeza.

C. H. N. Jackson, mmoja wa wataalamu wa utafiti ule wa mbung'o, alitafuta hesabu ya kweli kwa njia nyepesi mno. Mbung'o alishikwa taratibu asivunjwe bawa, akatiwa mgongoni nukta ya rangi ya mafuta, na mahali pa nukta pamoja na rangi yake vikaonyesha ametiwa alama siku gani na wapi, kisha akaachwa aruke. Tuseme umewatia alama mbung'o 100, na siku ya pili umenasa 50, na kati yao 5 wana nukta. Ikiwa wa nukta wamechanganyika sawasawa na wenzao, basi hao 100 ni sehemu moja ya kumi ya wote, na pori lina mbung'o wapatao 1,000. Makala yake juu ya wingi wa kweli wa mbung'o ilitoka mwaka 1933. Mwalimu aweza kuifanya hesabu hii darasani kwa debe la maharage na kalamu ya wino, maadamu atawataka wanafunzi waandike makisio yao kwanza, kabla mkono haujaingia debeni.

Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Juni 1938, pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea, na kazi ikashikwa na wengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilifuata jaribio ambalo kulisoma kwanitia huzuni: wanyama wa porini kwa maelfu waliuawa kwa bunduki ili kuona kama mbung'o atakufa kwa kukosa damu. Habari zake zilichapishwa mwaka 1952 na W. H. Potts na Jackson. Mbung'o walipungua mno, ubashiri ukasimama, lakini gharama yake kwa viumbe wale siwezi kuisifu.

Wala pori halikudai fidia mara moja. Miti iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o, kisha kwa pamba, kuni na malisho, iliiacha Shinyanga uchi, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambayo ilifanikiwa zaidi pale ilipoifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulitenga eneo la malisho lipumzike wakati wa mvua ili nyasi zake ziliwe kiangazi. Majaribio ya kwanza yaliuliza habari za mbung'o, yakajibiwa kwa ufasaha. Swali la ardhi itakavyokuwa baada ya miaka 50 halikupewa daftari lake, nami nahesabu hilo kuwa upungufu mkubwa wa kazi ile.

Upo na upungufu mwingine, ambao bado waweza kutibiwa kwa sehemu. Ripoti zilitiwa saini za mabwana wa idara, ilhali waliotembea njia zile kutwa, walioijua sauti ya mbung'o kabla hajatua na kuitambua njaa yake kwa tumbo, aghalabu hawatajwi majina. Nawasihi walimu na vijana wa Samuye, Old Shinyanga na vijiji jirani wawaendee wazee wao, wawaulize ni nani katika ukoo aliyebeba wavu au shoka katika kazi ile na aliona nini, kisha wayaandike majibu pamoja na jina la mtu na la kijiji chake, maana waliosimuliwa habari hizo na baba zao wenyewe wamezeeka.