Ardhi, Jembe na Kipaza Sauti: Hoja za Vyama Chini ya Mlima Meru

Kabla ya chama chochote cha siasa kupandisha bendera yake katika mji wa Arusha, na kabla ya mtu yeyote kupanda jukwaani, kipaza sauti mkononi, kuwaahidi watu yale ambayo wanasiasa huahidi, wakulima wa kahawa na wafugaji wa mteremko wa Mlima Meru walikuwa wamekwisha kuifikisha kadhia yao mpaka New York, wakaisema mbele ya mataifa, na wakashindwa kwa hesabu ya kura. Naanza na habari hiyo kwa sababu wengi wetu tukiitaja Arusha katika tarehe ya siasa ya nchi hii huanza na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kana kwamba watu wa pale walikuwa mabubu hata chama kilipokuja kuwapa ulimi. Ilhali mambo yalikuwa kinyume chake, na chama ndicho kilichokuja kuokota maneno kinywani mwa watu wa mlimani.

Asili ya kadhia ile ni ardhi. Mwaka 1896 wamishonari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa moto na kwa kunyang'anya ng'ombe. Haukupita muda boma likajengwa Arusha, na mashamba ya walowezi, miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini, yakauzunguka mlima mithili ya mkanda uliokazwa kiunoni. Juu ulikuwako msitu wa serikali, chini mashamba ya wageni, na katikati Wameru waliozidi kuongezeka mwaka hata mwaka. Walipopata fedha walifanya jambo ambalo mtu aliyeporwa chake hulifanya kwa uchungu mwingi: waliinunua tena ardhi yao wenyewe, yaani shamba namba 31 na shamba namba 328, huko Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza, iliyowarithi Wajerumani, ilimtuma Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, na kutokana na ripoti yake ikakatwa shauri kwamba watu wa Engare Nanyuki waondoke ili nchi ile iwe ya wafugaji wa Kizungu peke yao.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari wakaingia. Watu wapatao 3,000 walitolewa katika makao yao, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori, mahali ambapo wenyewe walikuwa wamekwisha kupakataa kwa kupaogopea homa na mbung'o. Serikali ikatoa fidia, na wengi wakakataa kuipokea. Naomba msomaji atue hapa kidogo, maana huo ndio ujumbe wa kwanza wa siasa ya umma nilioujua mimi katika sehemu zile, nao ulitolewa bila ya jukwaa wala shairi: mtu ambaye nyumba yake ni majivu, na watoto wake wamelala chini ya mti, anaambiwa anyoshe mkono apokee fedha, naye anauweka mkono wake nyuma, kwa kuwa anajua akipokea ameuza, na aliyeuza hana dai.

Wakachanga. Senti za kahawa zikakusanywa na Umoja wa Raia wa Meru, na mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, akavuka bahari pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi huko Marekani, Eisenhower akishindana na Stevenson, na watu wa Eisenhower ndio walioanza kumnadi mgombea urais kwa vipande vifupi vya televisheni, kama inavyonadiwa sabuni. Sijui kama Japhet aliviona vipande hivyo, lakini hunipendeza kuwafikiri watu hao katika mji mmoja kwa wakati mmoja: wale wenye fedha zisizo na mwisho wakitafuta neno la kuwaambia watu, na huyu wa Meru ambaye neno alikuwa nalo tayari, na fedha zake zilikuwa senti za vikapu vya kahawa. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru. Ila azimio lilipofika katika kikao cha wote likakosa theluthi mbili, nayo ardhi ikabaki mikononi mwa walowezi.

Japhet aliporejea mwaka 1953 alizunguka nchini akiisimulia safari yake, na watu waliomsikiliza Dodoma au Mwanza, ambao hawakupata kuuona Mlima Meru hata kwa mbali, wakafahamu kwamba lililompata Mmeru laweza kumpata yeyote. Mwaka huohuo Julius Nyerere akachukua uongozi wa Tanganyika African Association, na tarehe 7 Julai 1954 kutokana nayo kikazaliwa chama cha TANU. Na Machi 1955 Nyerere naye akasimama New York mbele ya baraza lilelile. Wanatarehe wengine huliweka jambo la Meru kuwa sura ndogo katika maisha ya TANU. Mimi naona wamepindua: TANU ilikuta njia imekwisha kukanyagwa.

Basi Waingereza nao wakaona haja ya kuwa na chama. Mwaka 1956 ikaundwa United Tanganyika Party kwa baraka za Gavana Twining, chama cha watu wastaarabu waliovaa tai, kikihubiri kwamba mataifa matatu ya nchi, Waafrika, Waasia na Wazungu, yawe na viti sawasawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Ukilisoma neno lao katika karatasi, lina insafu ya kupendeza. Lakini usawa wa viti baina ya watu mamilioni na watu maelfu si usawa, na hilo mkulima wa Poli au Nkoaranga hakuhitaji kufundishwa na mtu, maana alikuwa akiiona hesabu hiyohiyo kila siku katika mipaka ya mashamba. UTP ilikuwa na magari na fedha. TANU ilikuwa na Kiswahili, na katika mji kama Arusha, walikokaa pamoja Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Wasomali, Wahindi na Wagiriki, hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa mkutano wa hadhara ulioendeshwa kwa lugha ya kabila moja ungeliwaacha nusu ya waliohudhuria wakitazamana.

Ulipokuja uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, wengi ndani ya TANU walitaka kuususia, na Nyerere akawageuza nia katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Hila iliyotegwa ili kukigawa chama ikageuka kuwa faida yake, kwa sababu TANU iliwachagua yenyewe Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Huku Kaskazini kiti cha Waasia kilimwendea Bi Sophia Mustafa, mzaliwa wa India aliyekulia Nairobi, ambaye alihamia Arusha mwaka 1948 pamoja na mumewe mwanasheria. Hakuwa mwanachama wa TANU, kwani wakati ule chama hakikuwapokea wasio Waafrika. Hata hivyo alisimama katika mikutano ya chama, mwanamke wa Kihindi mbele ya umati wa wakulima, akaomba kura zao akapewa. Baadaye aliandika kitabu juu ya mambo hayo, *The Tanganyika Way*, kilichotoka mwaka 1961. UTP haikuambulia kitu, na haukupita muda mrefu ikafa, magari yake na yote.

Miaka michache baada ya uhuru hapakuwa tena na haja ya kubishana na chama kingine, maana hapakubaki kingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana katika karibu kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Na kwa kuwa sera yao ilikuwa moja, hoja ikabaki katika alama. Mwenye jembe alidai kwamba pasipo jembe hapana chakula, mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani. Waweza kucheka, msomaji, lakini nimesikia kampeni nyingi tangu hapo zenye vyama vingi na akili chache kuliko hizo.

Halafu likaja lile ambalo kila mtoto wa shule hulijua. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha, katika jumba la Kaloleni ambalo leo ni makumbusho, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Siku ya pili yake benki zikawa mali ya umma. Kiongozi akakatazwa kuwa na hisa katika makampuni, akakatazwa mishahara miwili, akakatazwa nyumba ya kupangisha. Sitaingia katika ubishi kama siasa ile ya ujamaa ilifaulu ama la, kwani wino mwingi umemwagika. Ninalotaka kulionyesha ni ufundi wa lugha yake. Mambo ya uchumi ambayo vitabu vya Ulaya huyaeleza kwa maneno mazito yalivikwa maneno ya mwili na ya jikoni: kupe, mirija, kunyonya, jasho. Mama aliyemkamua ng'ombe asubuhi alijua kupe ni nini. Na katika mambo manne ambayo Azimio liliyataja kuwa ndiyo yahitajiwayo ili nchi iendelee, ardhi ilitajwa ya pili, baada ya watu. Vijana wakafunga safari za miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na jina lake likabaki katika shule na barabara.

Miaka iliyofuata neno la chama lilizeeka likawa salamu. Mwenyekiti wa mtaa alisema, "Zidumu fikra za Mwenyekiti," na watu wakaitikia wakiwaza mvua. Hata kiwanja kikuu cha mikutano na mipira kiliitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na waziri aliyefariki mwaka 1964, mtu aliyefundisha kanuni za kupima mizani ya maneno. Na katika kiwanja hicho nimesikia maneno ambayo mizani yoyote ingeyakataa.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na mmoja wa waasisi wa chama cha upinzani cha Chadema alikuwa Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, mwenye shamba la kahawa Tengeru, palepale chini ya Meru. Ilichukua miaka kabla mji haujawaka. Mwaka 2010 Godbless Lema wa Chadema alikichukua kiti cha Arusha Mjini, na salamu ya Kiingereza iliyofanywa ya Kiswahili, "Pipoz!" na jibu lake "Pawa!", vidole viwili juu, ikasikika mjini kutoka Kilombero hata Sombetini, midomoni mwa makondakta na mwa wauza mitumba na mwa mabibi waliokuwa hawajui neno jingine lolote la Kiingereza. Gharama yake ilikuwa kubwa: tarehe 5 Januari 2011 watu walipigwa risasi na polisi wakafa katika maandamano, na tarehe 15 Juni 2013 bomu likatupwa katika mkutano wa Chadema katika viwanja vya Soweto, Kaloleni. Mwaka 2015 Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetangaza nia yake ya kugombea urais akiwa CCM, chama kilichoirithi TANU, katika kiwanja cha Sheikh Amri Abeid mwezi Mei, aliuzwa kwa watu akiwa mgombea wa Chadema ilipofika Agosti, na chama kilichokuwa kimemwita fisadi kwa miaka kadhaa kikalazimika kuyameza maneno yake hadharani. Hapo ndipo salamu ilipoanza kupungua sauti.

Siku hizi katika vijiwe vya kahawa vya mjini utawakuta vijana wakibishana juu ya Democrat na Republican wa Marekani, na kwa nini chama kilichojiita cha wafanyakazi kilishindwa na Trump mwaka 2024. Mmoja husema kilikosa mgombea, mwingine husema kilikosa maneno. Nikiwasikiliza hukumbuka uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki. Mbunge wa CCM, Jeremiah Sumari, alifariki Januari 2012, na chama chake kikamsimamisha mwanawe, Sioi, kikamleta Rais mstaafu Benjamin Mkapa kuzindua kampeni. Chadema ikamsimamisha kijana Joshua Nassari, na wakati majukwaa mengi yalijaa matusi, watu wa vijijini waliuliza mambo mawili tu: maji, na yale mashamba makubwa ambayo mipaka yake haijasogea tangu zama za babu zao. Tarehe 1 Aprili wakapiga kura. Nassari alipata 32,972, Sioi 26,757. Ngarenanyuki, ndiyo ile Engare Nanyuki ya zamani, ijulikanayo leo kwa nyanya zake, ni kata mojawapo ya jimbo hilo.