Bunduki za kale kutoka Afghanistan: halisi au bandia?
Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afghanistan kati ya 2001 na 2021 walirudi na bunduki za kale zilizonunuliwa sokoni, zikiwamo Martini-Henry, aina iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Sheria ya Marekani huhesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa hadi 1898. Hata hivyo, mafundi wa eneo la Khyber, mpakani na Pakistan, huziiga kwa mkono na kuzigonga alama za Kiingereza. Bandia hujulikana kwa herufi N iliyogeuzwa, au V.R. ya Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901, ikiambatana na mwaka wa baadaye. Mwaka uliogongwa pekee hauthibitishi umri. Iliyotengenezwa baada ya 1898 ni silaha ya kawaida, na forodha inaweza kuuzuia mzigo.