Vyuo vitatu vya afya vimekuita na unataka kutibu miguu: uchague kipi?

Kila msimu wa udahili, wasikilizaji wetu kutoka Kinole, Matombo, Mgeta na kwingineko Uluguru hutuuliza swali moja: kijana ameitwa vyuo zaidi ya kimoja vya afya, aende wapi? Wapo pia wanaotaka kusomea matibabu ya miguu, kwa sababu wamemwona mzazi au jirani akikatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla familia haijalipa hata shilingi moja.

Je, kuna chuo cha madaktari wa miguu?

Zipo nchi ambazo matibabu ya miguu ni taaluma inayojitegemea, yenye vyuo vyake. Kwa Afrika, taaluma hiyo inafundishwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Hapa kwetu kazi hiyo imegawanywa kwa watu kadhaa. Tabibu au daktari hupima na kuandika dawa. Muuguzi husafisha na kufunga kidonda. Mtaalamu wa fiziotherapia humrudisha mgonjwa kwenye kutembea. Mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi hutengeneza viatu maalumu, vyuma vya kushikilia mguu na miguu ya bandia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: katika kazi hizo nne, wewe unataka kufanya ipi? Ukishajua hilo, barua moja au mbili utaziweka pembeni mapema.

Fani hizi zinafundishwa wapi?

Ndani ya mkoa wetu, Kilosa kuna chuo cha serikali kinachofundisha matabibu. Ifakara wanafundishwa matabibu na wauguzi, na karibu yao kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Berega nako wanafundishwa wauguzi. Viungo bandia na vifaa saidizi vinafundishwa Moshi, katika kituo cha TATCOT kilichopo KCMC. Kituo hicho kilianza mwaka 1981 na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Fiziotherapia pia inafundishwa hapo KCMC.

Anayeanza na uuguzi au utabibu hajajifungia mlango wa kutibu miguu. Katika miaka ya 2000, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuendesha mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi waliokuwa tayari kazini namna ya kuhudumia miguu ya wenye kisukari. Ujuzi wa miguu unaweza kuongezwa baadaye, mradi msingi uwe imara.

Kwanza, hakikisha chuo kinatambulika

Vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, na vyuo vikuu husimamiwa na TCU. Taasisi hizo hutoa mwongozo wa udahili kwenye tovuti zao, wenye orodha ya vyuo na kozi. Angalia mambo mawili: jina la chuo lipo? Na kozi uliyoitiwa ipo chini ya jina hilo? Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi moja haijaruhusiwa.

Sababu ya kuwa makini ni leseni. Muuguzi hasajiliwi kazini bila Baraza la Uuguzi na Ukunga, na tabibu anapitia Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukimaliza kozi isiyotambulika, miaka mitatu imekwenda na leseni hupati.

Pili, uliza kuhusu mazoezi ya vitendo

Kidonda hakifundishwi ubaoni tu. Piga simu chuoni, au muulize mwanafunzi anayesoma hapo sasa: mnafanya mazoezi hospitali gani? Ina kliniki ya kisukari? Mnakwenda wodini tangu mwaka wa kwanza? Wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja? Waliotangulia wamefaulu vipi mitihani ya mwisho? Chuo chenye majengo mazuri lakini kisicho na hospitali ya karibu kisikuvutie haraka.

Tatu, piga hesabu ya miaka yote

Familia nyingi hulinganisha ada ya mwaka wa kwanza pekee. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chuo cha kwanza kinataka ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, lakini hakina hosteli, na chumba pamoja na chakula ni shilingi 1,000,000. Jumla kwa mwaka ni 2,200,000. Chuo cha pili kinataka ada ya 1,500,000, na hosteli na chakula ni 500,000. Jumla ni 2,000,000. Kwa miaka mitatu, chuo kilichoonekana cha bei nafuu kinakuzidishia gharama kwa shilingi 600,000.

Ongeza pia sare, vifaa, bima ya afya, michango ya mitihani, na nauli ya kwenda na kurudi likizo. Anayetoka Nyandira kwenda Moshi hatumii nauli sawa na anayekwenda Kilosa.

Kuhusu mikopo, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Soma tangazo la mwaka husika uone kama kozi yako imetajwa. Usipange bajeti kana kwamba mkopo umeshapatikana.

Nne, kaeni kikao kabla ya kuuza kitu

Kwetu Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Shamba la migomba au miti ya mikarafuu haliuzwi na mtu mmoja. Mjomba na wazee wana neno. Tunashauri kijana apeleke barua zote kwenye kikao, pamoja na hesabu ya miaka mitatu iliyoandikwa kwenye karatasi. Wazee wakiona jumla yote mapema, wanaweza kupanga mavuno ya kila msimu. Wakiambiwa ada ya kwanza tu, mwaka wa pili ndipo mwanafunzi anarudishwa nyumbani, na shamba limeshauzwa.

Tano, thibitisha kwa wakati

Kwa vyuo vikuu, aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu, kisha huiingiza kwenye akaunti yake ya maombi katika chuo alichokichagua. Asipothibitisha, anaweza kupoteza nafasi zote. Kwa hiyo laini uliyoombea isizimwe wala kuazimwa. Kama kijijini mtandao unasumbua, shuka mjini siku chache kabla ya mwisho, wala usisubiri siku ya mwisho.

Kwa vyuo vya kati, soma barua ya kila chuo uone tarehe ya kuripoti, na fuata tangazo la NACTVET la mwaka huo.

Tahadhari ya matapeli

Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya uthibitisho. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni mwalimu wa chuo. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya benki iliyo kwenye barua rasmi, na tunza risiti.

Kwa kifupi

Chagua kazi kwanza, kisha chuo. Hakiki usajili wa chuo na wa kozi. Uliza hospitali ya mazoezi. Piga hesabu ya miaka yote mbele ya familia. Thibitisha mapema. Vyuo viwili vikibaki sawa kwa yote hayo, chukua kile ambacho familia ina uhakika wa kukilipia hadi mwaka wa mwisho.