Katikati ya Mto: Istilahi ya Kisheria katika Mpaka wa Busia na Malaba

Tarehe 1 Aprili 1902 Serikali ya Uingereza iliitoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 1920 ilijulikana kama Kenya. Hivyo mito ya Sio na Malaba, ambayo Wasamia na Wateso walikuwa wakiishi kandokando yake, iligeuzwa kuwa mpaka. Maelezo rasmi ya mpaka huo yalitolewa kwa Amri ya Mfalme ya mwaka 1926, nayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Kuhusu Mto Sio, Amri inasema kwamba mpaka unafuata katikati ya njia ya mto.

Waandishi wa Kiingereza mara nyingi huieleza mipaka ya namna hii kwa neno la Kijerumani *thalweg*, maana yake "njia ya bondeni", kana kwamba ni kisawe cha "katikati". Sivyo. Katikati hupatikana kwa kupima ukingo hadi ukingo. *Thalweg* hupatikana kwa kupima kina, nayo yaweza kupita karibu kabisa na ukingo mmoja. Kwa desturi ya mataifa, *thalweg* huhusishwa na mito ipitikayo kwa vyombo, ili kila nchi ipate sehemu ya njia ya majini. Kwa vijito visivyopitika hutumiwa mstari wa kati.

Ni kweli kwamba maneno hayo yamewahi kuhesabiwa kuwa sawa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, ule ule ulioamua mambo ya Unguja na Uganda, ulitaja katika nakala ya Kiingereza katikati ya mkondo mkuu wa Mto Chobe, na katika nakala ya Kijerumani *thalweg* ya mkondo huo. Tarehe 13 Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba maana ni moja, na kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, kikawa cha Botswana wala si cha Namibia. Lakini uamuzi huo ulitokana na nakala mbili za mkataba mmoja. Amri ya 1926 haina nakala ya Kijerumani. Anayeingiza *thalweg* humo hafasiri, bali anaongeza.

Jambo hili lawahusu pia wanaisimu wa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Kenya na Katiba ya 2010. "Katikati ya mto" ikitumika kwa dhana zote mbili, kosa la Kiingereza litarithiwa. Yafaa basi kutenganisha "mstari wa kati" na "mstari wa kina". Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha kuvuka mpaka, hakikuuhamisha. Kwa mkulima wa ukingoni mwa Sio, tofauti ya neno moja bado yaweza kuwa tofauti ya nchi.