Tamoksifeni na Saratani ya Mji wa Mimba: Historia ya Onyo na Lugha Yake katika Jinja na Mbale

Tamoksifeni haikukusudiwa kutibu saratani. Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI nchini Uingereza, aliiunda mwaka 1962 katika utafiti wa kuzuia mimba. Kazi hiyo iliishinda, ndipo ikageuzwa tiba ya saratani ya matiti. Kwenye titi huizuia estrojeni. Katika mji wa mimba huiga kazi yake. Jaribio la Stockholm lilibainisha hatari hiyo mwaka 1989, na mwaka 1996 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Hata hivyo haikuondolewa katika orodha ya dawa muhimu, na kwa haki, kwani wanaookolewa nayo ni wengi kuliko wanaodhurika.

Namna inavyodhuru ilichelewa kueleweka. Saratani nyingi za mji wa mimba huwa na mabadiliko katika PIK3CA, mojawapo ya onkojeni, yaani jeni ambazo zikiharibika huiamuru seli igawanyike bila kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa uvimbe unaotokea baada ya tamoksifeni huwa na mabadiliko hayo kwa uchache: dawa yenyewe huiamsha njia ileile ya PI3K.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ipo Mulago, Kampala. Mgonjwa wa Jinja au Mbale hurudi kwao na vidonge ambavyo kwa kawaida humezwa miaka mitano. Nyumbani husemwa Lusoga au Lumasaaba. Kiswahili kilienea huko kwa reli, soko na kambi ya jeshi kuliko kwa hospitali. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili.

Tatizo ni neno "kizazi". Kampeni za umma zimewazoesha watu "saratani ya shingo ya kizazi". Mwanamke akiambiwa tu kuwa dawa yake yaweza kuleta "saratani ya kizazi", ataidhania ile ya shingo, atapimwa shingo, kisha ataambiwa yu salama. Kipimo hicho hakichunguzi ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Neno onkojeni laweza kusubiri kamati ya istilahi. Kinachohitajika kwenye karatasi ya dawa ni sentensi moja: ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, hata matone, rudi hospitali mapema, wala usiache dawa kabla ya kuonana na daktari.