Li Na: Kutoka Wuhan hadi Ubingwa wa Paris na Melbourne

Li Na alizaliwa tarehe 26 Februari 1982 mjini Wuhan, makao makuu ya jimbo la Hubei, katikati ya China. Baba yake alikuwa mchezaji wa mpira wa vinyoya na alimtaka bintiye afuate mchezo huohuo. Hata hivyo, makocha waliona kwamba mtoto huyo hupiga kwa nguvu ya bega badala ya kifundo cha mkono. Katika vinyoya hiyo ni kasoro, lakini katika tenisi ni mtaji. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alihamishiwa kwenye tenisi. Wazazi walikubali, naye hakuulizwa.

Tenisi wakati huo haikuwa na mizizi China. Katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ilihesabiwa kuwa starehe ya mabwanyenye, na ilianza kutazamwa kwa jicho jingine iliporudishwa rasmi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Kwa dola ya China mchezo wa Olimpiki maana yake ni medali, na medali hutafutwa kwa mpango. Watoto huchaguliwa wakiwa wadogo na kuingizwa katika shule za michezo, kisha timu za majimbo, na hatimaye timu ya taifa. Serikali iligharamia chakula, malazi, makocha na safari. Kwa upande wake, ndiyo iliyoamua mchezaji acheze wapi na pamoja na nani, na ilichukua sehemu kubwa ya alichoshinda.

Malezi ya Li Na katika mfumo huo yalikuwa ya ukali. Kocha aliyemfundisha kwa karibu miaka tisa alijulikana kwa kukemea, na Li Na alieleza baadaye kwamba katika muda wote huo hakusikia neno la sifa. Alipokuwa na miaka 14 baba yake alifariki kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo fedha za mashindano hazikuwa jambo la fahari tu bali riziki ya nyumbani. Aliingia timu ya taifa mwaka 1997 na kuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 1999.

Mwishoni mwa mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 20, aliondoka. Alikuwa akishinikizwa kutumia dawa za homoni ili acheze hata katika siku za hedhi, na uhusiano wake na Jiang Shan, mchezaji mwenzake, haukuwapendeza viongozi. Aliacha barua ya kujiuzulu, akarudi Wuhan na kujiandikisha chuo kikuu kusomea uandishi wa habari. Takriban miaka miwili hakushindana. Aliyembembeleza arudi ni Sun Jinfang, aliyekuwa nyota wa voliboli na wakati huo akisimamia tenisi ya taifa. Sun hakumtisha, bali alimshawishi acheze kwa ajili yake mwenyewe.

Alirudi mwaka 2004 bila nafasi yoyote kwenye orodha ya ubora wa dunia. Mwaka huohuo, mjini Guangzhou, alianzia raundi za mchujo na kumaliza na kombe: Mchina wa kwanza kutwaa taji la ziara ya dunia ya wanawake kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2006 alifika robo fainali ya Wimbledon, hatua ambayo hakuna Mchina aliyekuwa ameifikia, na akaolewa na Jiang Shan, ambaye kwa vipindi kadhaa alikuwa pia kocha wake.

Viongozi, hata hivyo, walikuwa wameweka karata yao kwenye mchezo wa wawili wawili, ambako ushindani ni mwepesi kidogo na ushirikiano unaweza kujengwa kambini. Mpango huo haukuwa wa kubeza. Li Ting na Sun Tiantian walileta dhahabu kutoka Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na Zheng Jie na Yan Zi wakatwaa Australia Open na Wimbledon mwaka 2006. Kwa mchezaji aliyetaka kupanda mwenyewe, ulikuwa ni mzigo. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, miezi michache baada ya kupasuliwa goti, Li Na alimwondoa Venus Williams na kufika nusu fainali. Alikosa medali, na katikati ya mchezo aliwafokea mashabiki wa nyumbani wanyamaze. Wengi walimlaumu, ingawa kelele hizo zilikuwa zikimharibia pointi yeye, si mpinzani wake.

Mwisho wa mwaka huo ndipo mlango ulipofunguliwa. Li Na, Zheng Jie, Yan Zi na Peng Shuai waliruhusiwa kujitegemea, utaratibu ambao Wachina waliuita kuruka peke yako. Hapo awali mchezaji alikabidhi takriban asilimia 65 ya mapato yake. Sasa kiwango kilishuka hadi kati ya asilimia 8 na 12, lakini makocha, tiba na tiketi za ndege vikawa juu yake. Kama kuna tarehe moja inayoeleza kupanda kwa Li Na kuliko nyingine, ni hiyo. Kipaji alikuwa nacho miaka yote. Alichokosa ni mamlaka juu ya ratiba yake na benchi lake la ufundi.

Matokeo hayakukawia. Januari 2010 yeye na Zheng Jie walifika nusu fainali ya Australia Open, na Li Na akaingia katika kumi bora wa dunia. Mwaka uliofuata alifika fainali ya mashindano hayohayo huko Melbourne, akashinda seti ya kwanza dhidi ya Kim Clijsters, kisha akapoteza mbili. Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya, hadi akamweka mumewe kando kama kocha na kumchukua Michael Mortensen wa Denmark. Kisha, kwenye udongo wa Paris ambao hakuwahi kuupenda, aliwapiga Petra Kvitová, Victoria Azarenka na Maria Sharapova mfululizo. Katika fainali, tarehe 4 Juni 2011, alimshinda bingwa mtetezi Francesca Schiavone 6-4, 7-6. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi ya Asia kushinda taji la Grand Slam, yaani mashindano makuu ya tenisi duniani, kwa mmoja mmoja. Inakadiriwa kwamba Wachina milioni 116 walitazama.

Baada ya hapo mikataba ya matangazo ilimiminika na ushindi ukakauka. Kwenye US Open ya mwaka huo alitolewa raundi ya kwanza. Taji lililofuata lilimjia Agosti 2012 huko Cincinnati, alipoanza kazi na Carlos Rodríguez, kocha wa zamani wa Justine Henin. Rodríguez alirekebisha mpira wake wa kuanzisha na kumsukuma asogee wavuni mara nyingi zaidi. Fainali ya Melbourne ya 2013 ilimponyoka tena, safari hii dhidi ya Azarenka, baada ya kuanguka mara mbili na kugonga kichwa. Tarehe 25 Januari 2014, akiwa na miaka 31, hatimaye alitwaa taji la Melbourne kwa kumshinda Dominika Cibulková 7-6, 6-0, na mwezi uliofuata akawa namba mbili wa dunia.

Magoti ndiyo yaliyommaliza. La kulia lilikuwa limepasuliwa mara tatu, na la kushoto likapasuliwa Julai 2014. Alistaafu Septemba mwaka huo akiwa na mataji tisa ya mmoja mmoja, siku chache tu kabla ya Wuhan kuandaa mashindano yake makubwa ya kwanza. Mwaka 2019 aliingizwa katika ukumbi wa watukufu wa tenisi huko Newport, Marekani.

Zheng Qinwen, mzaliwa wa Hubei naye, ambaye utotoni alifundishwa na Rodríguez mjini Beijing, alifika fainali ya Australia Open mwaka 2024 na kushinda dhahabu ya Olimpiki mjini Paris miezi michache baadaye. Hata hivyo, hadi mwaka huo unamalizika, Li Na alikuwa bado Mchina pekee mwenye taji la Grand Slam kwa mchezaji mmoja mmoja.